Ng'ombe Arobaini wa Pasikali

Ujumbe uliingia wakati Jeanne Niyonsaba anapiga maharage uani. Simu ilikuwa ya mumewe, Pasikali Ndayiragije, lakini macho ya Pasikali yalikuwa yameanza kuzikataa herufi ndogo, kwa hiyo msomaji wa nyumba alikuwa mke. Alijifuta vumbi, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti ili na mumewe apate fungu lake.

"Ndugu Pasikali. Kwa mujibu wa taarifa zako, kaya yako ina ng'ombe 40. Kaya yenye ng'ombe haistahili kupewa mtamba wa mradi wa Maziwa Kwetu. Ng'ombe wako wote watachanjwa kesho. Hongera kwa ufugaji bora."

Jeanne aligeuka akalitazama banda alilolijenga. Lilikuwa na hori, paa la nyasi na sakafu ya mawe, na ndani yake hamkuwa na kitu ila kuku wa jirani aliyepaona pametulia. Nyuma ya banda matete yalikuwa yamesimama marefu, mabichi, hayana mlaji. Aliyapanda siku ileile mradi ulipotangaza kwamba kaya isiyo na ng'ombe itapewa mtamba mmoja. Shamba lao lilikuwa limechoka. Mahindi yalizaa magunzi ya kuchezea watoto, na mihogo ilikuwa inatoa mizizi kwa masharti. Bwana shamba alikuwa amewaambia kwamba udongo ule hautaki maneno, unataka samadi, na mbuzi wao wawili hawawezi kuutosheleza. Huyo mtamba Jeanne alikuwa ameshampa na jina, ingawa hakumwambia mtu.

"Arobaini," alisema Pasikali. Alilitamka taratibu, kama anayeonja uji.

"Umemwambia nani kwamba tuna ng'ombe arobaini?"

"Sijamwambia mtu."

"Yule dada wa kishikwambi alipokuuliza, ulimjibu nini?"

"Sikumjibu. Nilimwambia aende swali linalofuata."

Jeanne akakaa juu ya gunia. Huku juu, kwa Waha na kwa jamaa zao waliovuka kutoka Burundi, mwanamume hasemi mbele za watu kwamba hana ng'ombe. Anaweza kusema hana shati, hana meno, hana hata mia. Watu watacheka naye na kumgawia ugoro. Ng'ombe ni habari nyingine. Anayetamka kwamba hana amelifunga zizi lake kwa mdomo wake mwenyewe, na la watoto wake pia. Akiulizwa, hutazama milima na kukohoa, na muulizaji mwenye adabu huhamia kwenye habari za mvua. Sasa Immakulata, yule dada wa kishikwambi, alizaliwa Kasanda na alilelewa vizuri. Alipomwona Pasikali anatazama milima, aliruka swali, akakiacha kisanduku kitupu, akauliza habari za choo.

"Kwa hiyo kisanduku kilikuwa kitupu," alisema Jeanne.

"Ego, kitupu kabisa. Hao ng'ombe wameingia wenyewe," alijibu Pasikali, na kwa mbali sauti yake ilikuwa na furaha.

* * *

Daktari wa mifugo, Habonimana, alifika kesho yake kwa pikipiki, na nyuma ya kiti alikuwa amefunga kasha la barafu lenye chanjo. Alishuka, akawasalimu, akatazama banda, akamtazama kuku, akatoa kalamu.

"Mzee Pasikali, nimeletewa dozi arobaini kwa ajili yako."

Pasikali akatazama milima.

"Naelewa, mzee," alisema Habonimana kwa upole. "Nimeelewa tangu nyumba ya kwanza. Tangu asubuhi nimeshachanja ng'ombe mia na ishirini na sijaona mkia. Hata jirani yako Cadet Niyubahwe ana arobaini wake. Amesaini vizuri tu, na akaniuliza kama wenye mimba watadhurika."

"Si urudi nazo, daktari?" aliuliza Jeanne. "Uandike kwamba umefika na hukukuta kitu."

"Mama, hapa pana sehemu mbili tu. 'Wamechanjwa' na 'Mwenyewe amegoma'. Nikiandika amegoma, wanakuja na mgambo. Halafu dawa ikishatoka stoo hairudi. Stoo nako wana mashine yao."

"Basi andika pembeni."

"Hakuna pembeni, mama. Zamani kwenye karatasi pembeni palikuwepo. Nilikuwa naandika huko mambo mengi ya kweli."

Alipokwisha kusema hivyo akafungua chupa, akazimwaga dozi arobaini chini ya mgomba kwa mkono wa mtu mwenye uzoefu, akampa Pasikali kalamu. Jeanne alimwambia mumewe asisaini. Alimwambia kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili, halafu kwa macho. Lakini watu watatu walikuwa wamesimama njiani wanatazama, na Cadet alikuwa mmoja wao, amejifunika koti lake la mvua siku ya jua. Pasikali akanyoosha mgongo, akasaini pale alipoonyeshwa, na akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka njiani kama chanjo hiyo itawapunguzia maziwa.

Jioni ile alikula ugali kwa maharage, amekaa wima kuliko kawaida. Jeanne alimtazama akaona hasira yake inachanganyika na huruma, na hilo likamkasirisha zaidi. Mume wake alikuwa mwema. Hakumpiga, hakulewa, alilima mpaka mikono ikapasuka. Tatizo lake lilikuwa moja tu: kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa amemhesabia kitu kingi.

* * *

Ofisi ya mradi pale Kibondo ilikuwa na chumba kimoja, benchi moja na kiti kimoja chenye mto. Walipofika, karani aliyekuwa mlangoni alilisoma jina kwenye skrini, akasimama, akamwinua mama mmoja aliyekuwa kwenye kiti na kumkalisha Pasikali. "Karibu, mfugaji," alisema. Jeanne aliachwa amesimama na kikapu chake. Pasikali aliuona mto, akaona mke wake amesimama, akatamani kuinuka. Lakini mto ulikuwa laini, na yeye alikuwa hajawahi kupishwa na mtu katika ofisi yoyote. Akakaa.

Nyuma ya ofisi walisikia sauti. Jeanne alichungulia dirishani. Mitamba kumi na wawili walikuwa wamefungwa kwenye mikaratusi, wanene, wa rangi ya chai ya maziwa, wanatafuna majani.

"Wale ni wa nani?" alimuuliza Immakulata.

"Wa mradi." Immakulata alikuwa na majani kwenye nywele na kucha zake zilikuwa zimeota kijani. "Mimi ndiye ninayewakatia majani, mama. Nilisomea takwimu. Orodha ya wanaostahili haijatoka hata mtu mmoja. Nimefungua mara nyingi, inaniambia hakuna. Sijui watu wa huku wamekuwa matajiri tangu lini."

"Na sisi tusiokuwa na ng'ombe?"

"Kwa mujibu wa mashine hampo. Jumamosi asubuhi lori linakuja kuwachukua wale mitamba, wapelekwe wilaya nyingine kwenye maskini."

Jeanne alimweleza habari yote, na Pasikali muda wote huo akisoma bango la kunawa mikono. Immakulata hakubisha. Alikuwa ameketi uani kwao, alikuwa ameliona banda. Akafungua taarifa za kaya, akafuta arobaini, akaandika sifuri, akabonyeza. Skrini ikawaza kidogo, ikaleta arobaini. Akafuta, akaandika sifuri, akabonyeza kwa nguvu zaidi. Arobaini.

"Haipendi sifuri," alisema. Akajaribu moja, ikakubali mara moja. Mbili, ikakubali. Mia tano, ikakubali na kumpongeza Pasikali kwa ufugaji bora. Akarudisha sifuri, na wale arobaini wakarudi, wote wazima, wote wamechanjwa.

"Acha basi hiyo moja," alisema Jeanne.

"Mwenye ng'ombe mmoja hapewi, mama. Ni wasio na kitu tu."

"Basi andika wale arobaini wamekufa."

"Kwa ugonjwa gani? Arobaini wakifa kwa mpigo ni mlipuko. Wataweka karantini kutoka Mabamba mpaka Kakonko, na utatakiwa kuonyesha mahali ulipowazika." Alifikiri. "Aliyeutengeneza mfumo huu yuko Kasulu. Anaitwa Nurudini. Simu yake haipokelewi, lakini yeye mwenyewe yupo."

Pasikali aliinuka kwenye kiti polepole. Yule mama aliyeinuliwa alirudi akaketi kabla mto haujapoa.

* * *

Walipanda basi la alfajiri, na nauli ilikuwa ya maharage ambayo Jeanne alikuwa ameyaweka kwa mbegu. Aliyauza tu, na Pasikali aliona gunia halipo. Ilikuwa Ijumaa.

Ofisi ya Nurudini ilikuwa juu ya duka la spea, na kijana huyo ndiye aliyekuwa ofisi yote. Alikuwa na kompyuta mbili, feni moja na adabu nyingi. Aliwapa viti vyote viwili na yeye akasimama. Jeanne alipomaliza kueleza, Nurudini alijishika kichwa.

"Mama, ngoja nikwambie ukweli. Huu mfumo nimeujenga juu ya kitu tunakiita maktaba. Ni kazi iliyoandikwa na watu wengine, sisi tunaiazima ili tusianze chini. Yangu inatumia GraphQL, lugha ya mashine kuulizana na kupeana taarifa. Sasa zamani, kisanduku kimoja kikiachwa kitupu, fomu nzima inagoma. Immakulata alikuwa ananipigia analia. Mtu kajibu maswali yote, karuka moja, taarifa zake zote zinatupwa."

"Hilo tumekuelewa," alisema Jeanne.

"Juzijuzi maktaba ikaletewa uwezo mpya. Kila kisanduku unaweza kukipa thamani ya awali. Mtu asipojaza, kinajijaza chenyewe. Nilikuwa nausubiri uwezo huo muda mrefu. Siku ile nilinunulia ofisi nzima soda."

"Na kwenye ng'ombe ukaweka arobaini."

Nurudini akachezea waya wa feni.

"Nilikuwa najaribu kama inafanya kazi," alisema. "Nikaandika taarifa za babu yangu wa Heru Juu, kwa mfano tu. Babu alikuwa anasema alikuwa na arobaini. Halafu nikasahau kuitoa." Akatazama chini. "Hapana, sikusahau. Niliiona. Nilitakiwa kuweka sifuri. Nikaiandika, nikaitazama, nikaona kwamba kila mtu atakayeruka swali, mimi ndiye nimemwandikia sifuri ya ng'ombe kwa mkono wangu. Wazee wa watu. Mama, nilishindwa. Hata ungekuwa wewe ungeshindwa."

Pasikali alimtazama kijana huyo kwa mapenzi. Aliinamisha kichwa, akasema, "Umelelewa."

"Amelelewa, na mimi nimekosa mtamba," alisema Jeanne. "Haya. Arobaini ya babu tumeielewa. Immakulata alipoandika sifuri kwa mkono wake, kwa nini ikakataa?"

"Hilo ni kosa langu lingine. Niliiambia mashine: ukikuta hakuna kitu, weka thamani ya awali. Na kwa nilivyoiandika, sifuri nayo ni hakuna kitu."

"Kwa hiyo kwako asiyejibu na asiyekuwa na kitu ni mtu mmoja."

"Kwa mashine, mama. Si kwangu."

Alikaa kwenye kompyuta akaandika mistari michache, akafuta mingi, akanywa maji, akaandika tena. Nje fundi alikuwa anagonga rimu. Baada ya muda alisema kosa limetoka: ile arobaini ameiondoa, na sifuri sasa inapokelewa kama nambari nyingine. Kilichobaki ni kimoja. Taarifa zilizokwisha kuingia haruhusiwi kuzigusa. Kila mkuu wa kaya lazima azisahihishe mwenyewe, kwa simu yake, kwa namba yake ya siri; masahihisho ya Immakulata hayahifadhiwi bila hiyo. Hapohapo ujumbe ukaingia kwa Pasikali: "Jaza idadi ya ng'ombe wako."

Pasikali akaishika simu. Kidole gumba kikasimama juu ya kitufe, kikabaki kimesimama.

"Nijazie wewe," alimwambia mkewe.

"Namba ya siri ni yako."

"Nitakutajia."

"Sitaki kuijua. Bonyeza."

"Jeanne. Baba alipokuwa anakufa kule Mabamba, hakuwa na hata kamba ya kufungia ng'ombe. Mchungaji akamuuliza anaacha nini. Unajua alijibu nini?"

"Alikohoa."

"Alikohoa akafa. Hakusema."

"Ndiyo, na tukazika kwa mchango wa kanisa." Jeanne hakujali kama Nurudini anasikia. "Pasikali, baba yangu alipokuuliza ng'ombe wa mahari, ulitazama milima. Nilikuona. Nikakufuata hivyohivyo, na sijawahi kujuta hata siku moja. Lakini nimechoka kula milima. Mimi sitaki kuheshimiwa na karani. Nataka kinyesi. Nataka kukibeba kichwani mpaka shambani kinitiririke mgongoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe umekaa wima tangu Jumatano."

Nurudini akageukia ukutani, akaanza kusoma kalenda.

Pasikali alihema kama mtu anayeshuka kisimani. Aliwaona wale arobaini. Katika siku chache hizo alikuwa ameshawazoea, na kwa siri alikuwa amempenda mmoja mwenye baka jeupe shingoni. Akabonyeza sifuri. Akabonyeza tuma. Simu ikalia mlio mdogo: "Imehifadhiwa. Ng'ombe: 0."

Alishuka ngazi bila kuaga, akakaa kwenye tairi kuukuu mbele ya duka la spea, akalia kidogo. Jeanne alikaa kwenye tairi la pili. Hakumwambia anyamaze. Alimnunulia kikombe cha uji, akakishika mpaka alipokuwa tayari kukipokea.

* * *

Walifika Kibondo jua bado lipo. Immakulata aliwasubiri mlangoni na kamba mkononi. Orodha ya wanaostahili ilikuwa imetoka hatimaye, ukurasa mzima mweupe wenye jina moja juu.

"Wengine wote nimewatumia ujumbe wajaze upya," alisema. "Nimewapigia na simu. Wananiuliza habari za mvua."

Jeanne alichagua mtamba mwenye macho makubwa, na wao wakatembea naye barabara ya vumbi mpaka kijijini. Habari ilikuwa imewatangulia, maana yule karani alikuwa na shemeji huko, na shemeji alikuwa na mdomo. Watoto walisimama njiani. Wanaume waliokuwa wanacheza bao hawakuinuka.

"Pole, bwana," mmoja alimwambia Pasikali. "Nasikia umefilisika."

"Wote arobaini?" mwingine aliuliza. "Kwa siku moja?"

Walicheka. Cadet Niyubahwe alicheka kuliko wote, akasema kwamba yeye wake wanaendelea vizuri, wameitikia chanjo. Pasikali alishika kamba akapita. Uso ulimwaka moto. Mashine ilisema kijiji hicho kina ng'ombe elfu sita kasoro arobaini. Wa kukojoa barabarani alikuwa mmoja, na alikuwa wa maskini peke yake aliyebaki.

Mtamba aliingia bandani, akamnusa kuku, kuku akatoka. Alipowekewa matete alikula kana kwamba amezaliwa hapo. Jeanne alisimama amekishika kiuno, machozi yanamtoka naye hayafuti.

Giza lilikuwa halijaingia Cadet alipokuja, amejifunika lile koti. Aliketi kwenye kigogo. Aliuliza habari za mvua, zikaisha. Aliuliza habari za matete, kama yanaota haraka, na yeye hana hata bua moja. Halafu akatoa simu ndani ya koti, akaishika kwa mikono miwili.

"Pasikali, sha, ndugu yangu. Lori linakuja saa ngapi kesho?"

"Asubuhi."

"Bado wako wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Cadet akafuta kioo cha simu kwa pindo la koti. "Ulijisikiaje?"

Pasikali alifikiri. Angeweza kumlipa kicheko chake. Alikuwa na haki, na neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alikiona kidole gumba cha jirani yake jinsi kilivyosimama juu ya kitufe, na alikijua kidole hicho.

"Kama kuvuliwa nguo sokoni," alisema.

"Halafu?"

"Halafu unagundua sokoni kuna baridi tu. Hakuna kingine."

Cadet alitazama kitufe. "Mama," alimwambia Jeanne, "naomba usinitazame."

"Sina nafasi ya kukutazama," alisema Jeanne.

Alikuwa ameinama bandani na koleo. Aliinuka na fungu la kwanza la samadi, la moto, linafuka, akapita nalo katikati ya wanaume hao wawili akiomba njia kwa adabu, kama mtu aliyebeba chakula cha wageni.